Alama Iliyotangulia Jibu

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hiyo ndiyo siku na saa ambayo shangazi yangu Feza alianza kazi katika mnara wa uwanja wa ndege, katika mji mkubwa ulio mbali na kwetu Baraka. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Sketi aliiazima kwa dada yake, na viatu vilimbana. Mnara ni kile chumba cha vioo kilicho juu kabisa, ambamo watu hukaa na redio wakiziambia ndege ipi ishuke, ipi ingoje, ipi ipite. Wanawake waliopanda ngazi zile kabla yake walipanda na ndoo na kitambaa cha kupangusa vioo.

Chef wa mnara, yaani mkuu wake, mzee mfupi mwenye sauti ya padri, alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Weye njo Feza?"

"Ndiyo, Chef."

"Unajua kunyamaza?"

"Najua, Chef."

"Basi hiyo ni mubaya. Hapa kazi ni kusema."

Shangazi alinieleza hayo Jumapili mchana, baada ya sherehe ya kustaafu kwake, tukiosha sufuria nyuma ya nyumba. Aliniambia niandike. Mimi darasani sinyanyui mkono hata kama jibu ninalijua, na yeye anajua hivyo. "Weye hausemasema kama bengine," alisema, "lakini mukono yako haichoke. Andika, bale batoto banakuya nyuma basome, bajue kazi ilikuwa ginsi gani." Nimeandika kama alivyosema, pamoja na yale ambayo mimi nisingeyasema.

Mwaka wa kwanza hakugusa redio. Walimweka katika biro, yaani ofisi, ya mipango ya safari, kule chini, mahali ambapo kila rubani huleta karatasi inayosema anatoka wapi, anakwenda wapi, ana watu wangapi na mafuta ya saa ngapi. Mwaka wa pili walimfundisha kusoma upepo, kwa sababu ndege hutua ikiutazama upepo usoni. Upepo ukigeuka, upande wa kutulia nao hugeuka. Mwaka wa tatu alipanda juu kabisa, akawa msaidizi, kazi yake kuandika vikaratasi.

Kikaratasi ni kitu kidogo, lakini usipokielewa hutaelewa habari hii. Kila ndege ilikuwa na chake, kirefu na chembamba kama rula, kimewekwa kwenye kibao mbele yako. Ukimpa rubani amri, unaiandika pale. Kisha rubani anakurudilia amri yako neno kwa neno. Ukishamsikia amerudilia sawasawa, unaweka alama ndogo pembeni, kama herufi V. Maana yake ni kwamba nimemwambia, naye amenirudilia. Asiporudilia, hupewi ruhusa ya kuweka alama. Sheria ndiyo hiyo, na haina mlango wa nyuma.

Mwaka wa nne walimpa redio. Uwanja ule ulikuwa na shughuli kuliko soko letu la Baraka siku ya kushusha mizigo. Kulikuwa na ndege kubwa za abiria, na helikopta zilizoleta wagonjwa na chakula kutoka vijiji visivyo na barabara, zote zikigombania anga moja. Chef alimfundisha kwa mfano.

"Ndege kubwa ni lori limejaa, linateremuka mulima wa Fizi. Helikopta ni motari, ule wa pikipiki. Motari akiona shimo, anaikepa. Lori akiona shimo, anaomba Mungu. Sasa weye, kazi yako ni nini?"

"Kumusimamisha motari, Chef."

"Vizuri. Lori usiishugulikie, imekwisha kuamua."

Kwa hiyo helikopta zilikuwa na mahali pa kungoja. Mahali pa kila siku palikuwa juu ya kiwanda cha bia, upande wa kaskazini, kwani ndege kubwa zilizoea kuingia kutoka kusini. Helikopta ilizunguka pale taratibu mpaka ndege kubwa itue, ndipo ikaitwa.

Kati ya marubani wa helikopta kulikuwa na Commandant Wilondja, mtu wa Ubwari, ile rasi ya ziwani inayotazamana na Baraka, Mubembe kama sisi. Alikuwa na umri wa baba yake shangazi. Siku ya kwanza aliposikia sauti yake redioni, aliuliza ni binti wa nani, na tangu siku hiyo alimwita "ma fille", binti yangu. Shangazi akimpa amri, yeye hakurudilia. Alijibu tu, "Bien reçu, ma fille," maana yake nimepata vizuri.

Na shangazi aliweka alama.

Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Weye unaweza kumuambia baba yako, 'Rudilia niliyokuambia'? Utamuambia? Ni kama kusema yeye ni kiziwi, ao ni mwongo." Alisema katika mnara kila mtu alikuwa na mzee wake. Wazungu na vijana, watu wa mnara waliwarudilisha mpaka koma. Wazee wa kwao waliwaachia. Halafu, siku zilipojaa kazi, shangazi alianza kuweka alama ya Commandant Wilondja kabla hajajibu. Ya nini kungoja, na jibu analijua?

Ilikuwa Alhamisi, karibu na saa nne. Upepo uligeuka. Ndege kubwa ya abiria, imejaa, ikaelekezwa kuingia kutoka kaskazini, yaani kupitia juu ya kiwanda cha bia. Commandant Wilondja alikuwa anakuja. Shangazi alimwambia vizuri kabisa: leo usingoje juu ya kiwanda, ngoja kusini, juu ya shule ya masista, ndege kubwa inaingia kwa kaskazini. Alipokuwa bado anasema, kalamu yake ilikwisha kuweka alama.

"Bien reçu, ma fille."

Nyuma ya Commandant kulikuwa na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na muuguzi aliyekuwa akipiga kelele. Commandant alishika tu kwamba anatakiwa kungoja. Akaenda kungoja mahali alipongojea siku zote.

Shangazi aliiona kwa macho, kupitia kioo. Helikopta ilikuwa juu ya kiwanda, na ndege kubwa inateremka kuifuata, magurudumu nje. Aliipigia ndege kubwa kelele redioni, "Panda! Panda sasa!" Rubani wa ndege kubwa naye alikuwa amekwisha kuiona. Injini zilinguruma hadi vioo vya mnara vikatetemeka, ndege ikapanda. Nafasi iliyobaki kati yao, Chef hakutaka kuiandika popote. Hakuna aliyekufa. Hata yule mama alipona.

Mashine iliyonasa sauti za redio ilikuwa mbovu tangu wiki mbili. Kwa hiyo hapakuwa na ushahidi ila midomo ya watu wawili na kikaratasi kimoja. Iliposemekana Inspecteur, yaani mkaguzi, anakuja, Chef alimkuta shangazi kwenye ngazi.

"Alama iko?"

"Iko, Chef, lakini..."

"Hakuna lakini. Alama iko. Ukisema ingine, weye unaenda, mi ninaenda, na hakuna mwanamuke mwingine atapanda hizi ngazi. Umesikia?"

"Nimesikia, Chef."

Inspecteur alimuuliza Commandant Wilondja kama alirudilia amri. Alijibu, "Sikumbuke. Mama alikuwa anakufa nyuma yangu." Kisha akamgeukia shangazi, akanyanyua kikaratasi.

"Mademoiselle, hii alama ni yako?"

"Ni yangu."

"Haikuwa uwongo," shangazi aliniambia, akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. "Hakuniuliza niliiweka saa ngapi."

Kufuatana na alama ile, Commandant aliambiwa, akarudilia, kisha akafanya mengine. Walimnyang'anya ruhusa ya kurusha. Na kwa kuwa watu hawakuelewa rubani mzima anawezaje kurudilia jambo halafu akakosea, walitafuta sababu, wakasema ni pombe. Alirudi Ubwari na jina la mlevi.

Kuanzia siku iliyofuata, shangazi alimrudilisha kila mtu. Alimrudilisha mzee, Mzungu, rubani wa askofu. Walimpa jina la Mama Rudilia, na wengine waliigiza sauti yake baa. Siku moja colonel mmoja aliyekuwa anajirushia ndege mwenyewe alikasirika redioni.

"Unajua mi ni nani?"

"Najua, Colonel. Rudilia."

"Nimesema nimesikia!"

"Nami nimesikia umesema umesikia. Rudilia, Colonel, mafuta yako inaisha."

Alirudilia.

Shangazi alikuja kuwa msaidizi wa Chef, mwishowe akawa Chef mwenyewe. Alifundisha vijana, na wasichana sita walipanda ngazi zile nyuma yake. Aliyeweka alama kabla ya jibu alishushwa biro ya mipango mwezi mzima, awe mtoto wa nani. Walisema ni mkali. Hakuna aliyemuuliza ukali ule ulitoka wapi.

Ndiyo kazi aliyoifanya, mpaka mwaka huu alipostaafu akarudi Baraka. Jumapili tulifanya ibada ya shukrani, kisha chakula nyumbani. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alisimama na glasi ya Fanta akasema, "Miaka yote ile, ndege zote zile, dada yangu hana doa!" Bamama walipiga vigelegele. Nilikuwa karibu. Shangazi aliweka sahani chini na hakula tena.

"Kazi yangu niliipenda," aliniambia pale kwenye sufuria, "na niliifanya muzuri. Usiandike kama sikuifanya muzuri. Lakini chini yake kuko mutu, na nimesimama juu yake miaka kumi na tisa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Nilishangaa mdomo wangu mwenyewe.

"Kwanza niliogopa kupoteza kazi. Kisha niliogopa Chef. Kisha mi mwenyewe nikakuwa Chef, nikaogopa bale niko nafundisha. Kila mwaka iko na woga yake."

"Na sasa?"

"Sasa sina kitu ya kupoteza. Njo aibu yenyewe hiyo. Ningelisema wakati iko kitu ya kupoteza." Alimwaga maji. "Kesho niko naenda Ubwari."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Jumatatu asubuhi, kabla sijavaa unifomu, alikuwa amekwisha kwenda bandarini. Alirudi na boti ya mchana, sketi imelowa hadi magotini, akanieleza yote kwa mpango, kama anasoma vikaratasi.

Alimkuta Commandant Wilondja ameinama juu ya motere ya boti, mikono myeusi kwa mafuta. Siku hizi anatengeneza motere za wavuvi. Mzee alimtambua shangazi kwa sauti alipopiga hodi.

"Ma fille. Umezeeka."

"Nimezeeka, papa. Nimekuya kusema kitu. Ile alama niliiweka mbele ya weye kujibu. Haukurudilia, na mi sikukuomba urudilie. Bakakuhukumu juu ya alama yangu."

Alifunga nati moja mpaka mwisho ndipo akajibu. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Inspecteur alinionyesha karatasi. Kinywa yangu naijua. Haikurudilia kitu."

"Na haukusema!"

"Ningesema nini? Kama sikurudilia, kosa iko yangu pia. Niliona haya, mi muzee muzima, kurudilia maneno ya mutoto. Hiyo niliibeba, na ni halali niibebe." Alijipangusa mikono. "Lakini ile ya pombe haikuwa yangu. Kanisani balinitoa ku bushemasi. Mama Apendeki, bibi yangu, alikuwa mwimbishaji wa korasi. Akaanza kukaa kiti ya nyuma, mpaka leo. Hajawahi kuniuliza kama nilikunywa. Sijui anaamini nini. Mi naweza kukusamehe saa hii, hapa hapa. Lakini yeye, siwezi kukusamehea."

"Iko wapi?"

"Kule chini, kwa bamama ba ndagala."

Shangazi aliteremka hadi ufukoni. Wanawake kama ishirini walikuwa wakianika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye mchanga, mstari mrefu mpaka kwenye mawe. Wapo waliomwonyesha Mama Apendeki kwa kidevu, mwanamke mrefu, ameinama, hageuki. Angeweza kumvuta pembeni wakaongea wawili. Aliniambia njia nzima kutoka Baraka alikuwa amepanga hivyo. Lakini ile habari ya pombe haikusemwa pembeni, ilisemwa mbele ya watu. Akasimama pale pale.

"Bamama, samahani, munisikie. Jina langu ni Feza. Ile siku ya helikopta ya Commandant Wilondja, mi njo nilikuwa mu mnara. Hakukunywa. Kosa ilikuwa yangu, nikanyamaza, bakamufukuza yeye."

Mikono yote ilisimama. Mama Apendeki aliendelea kutandaza samaki, mmoja mmoja, mpaka kikapu kikaisha. Kisha akanyooka, akashika kiuno, akamtazama shangazi.

"Sema nguvu," alisema. "Bale ba kule kwa mawe habakusikia."

Shangazi alitembea katikati ya wanawake mpaka kwenye mawe, akaanza upya toka mwanzo.