Mwaka Niliomwongezea Sindano

Binti yangu wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Alikuwa darasa la tatu chama cha taifa cha tenisi kilipoleta shuleni kwao raketi kumi na mbili, mipira laini na mwalimu mwenye filimbi. Walichora mistari ya chokaa nyuma ya vyoo, wakafunga kamba mahali pa neti. Nikasema hiyo ni homa, itapita. Haikupita. Alipiga mpira ukutani kwetu mpaka jirani yetu mshonaji akapaza sauti, "Mama Sindano, mkanye mwanao! Nimeshona mkono wa shati mfukoni!"

Baada ya miaka mitatu chama kikatangaza kambi ya wasichana wasiotimiza miaka kumi na miwili. Nafasi nane, na watakaochaguliwa watahamia shule yenye viwanja. Sindano alishinda mechi zake zote. Zikabaki fomu.

Katibu wa chama, mama mwenye miwani ya kamba, alikitazama cheti cha kuzaliwa cha Sindano mara mbili.

"Mama, huyu alitimiza kumi na miwili mwezi wa pili."

"Ana kumi na mmoja. Nilimzaa mimi, nitasahau?"

Ikabidi niseme. Nilipoanza kufua mashuka hospitalini sikuwa na wa kumwachia mtoto. Shule ilitaka wa miaka sita, naye alikuwa na mitano. Nilipokwenda kumtolea cheti nikamwongezea mwaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilimtumbukiza mwanangu.

Nikatoa kadi ya kliniki, yenye tarehe ya kweli. Katibu aliishika kwa heshima, kisha akanirudishia.

"Mwaka jana niliwatoa watoto watatu, wazazi wao walipunguza umri. Wewe ndiye wa kwanza kuongeza. Lakini nikipokea kadi yako, kesho nitaletewa kadi za kila namna. Karekebishe cheti."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi. Na fomu zinafungwa kesho."

Sindano alikuwa kwenye benchi. Akauliza, "Kwani mama, mimi nina miaka mingapi?"

Nikairudisha kadi mfukoni.

Wakamruhusu kucheza na wa chini ya miaka kumi na minne. Jumamosi nilikaa nje ya uzio, vidole nimevishikiza kwenye waya. Mpinzani wake alikuwa na mabega ya mtu mzima. Sindano hakupata hata gemu moja. Alikwenda kwenye neti akampa mkono, kama chama kilivyowafundisha, halafu akapita kwenye ubao wa matangazo kusoma majina manane ya kambi. Wawili kati yao alikuwa amewafunga.

"Twende, mwanangu," nikasema.

"Ngoja nimalize."

Ombi la kurekebisha cheti bado liko ofisini. Kila nikienda naambiwa nirudi. Siku hizi fomu za shule anajaza mwenyewe. Akifika penye tarehe ya kuzaliwa, huifunika karatasi kwa mkono nisione anachoandika.