Utepe Nilioupaka Mafuta ya Karafuu

Mara mbili nimeinuka barazani jambo hili lilipotajwa, nikisingizia kuwa na mgonjwa nyumbani, na mara zote mbili nyumbani hapakuwa na mgonjwa ila mimi na aibu yangu. Sasa kwa kuwa kila mmoja wenu ana riwaya yake, nami ndiye mwenye mkasa, afadhali mulisikie kwangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ghala ya karafuu pale mtaani Malindi, karibu na bandari, palikuwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya mizani ya magunia. Yenyewe ikifungua mlango wa pipa, ikimimina karafuu, ikifunga gunia lilipotimia uzito, kisha ikipiga kengele mara moja. Ilipochoka ikaletwa nyengine, yenye ubongo wa namna mbali kabisa, ambao amri za ule wa zamani ulizisikia kama mtu anavyosikia lugha ya ugenini. Nikapewa kazi ya kuiandika upya programu ya msingi, yaani ile inayoiamsha mashine na kuijulisha viungo vyake (huu mlango, hii mizani, hii kengele) kabla haijapewa shughuli yoyote. Mimi, maalim niliyelelewa kwa mantiki na sarufi ya vitabu vya Kiarabu, niliona kuwa hii ni tafsiri kama tafsiri nyengine, nikaifanya miezi mitatu, amri moja baada ya moja.

Aliyenitia katika kazi hiyo ni Bi Salma, fundi wa umeme wa ghala, mwenyeji wa mtaa wa Mpendae, aliyethubutu kusema mbele ya wakubwa kwamba hapana haja ya kumngoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Mkurugenzi alimjibu taratibu: "Vyema. Jumamosi ya majaribio mashine ikikataa, nnaifunga karakana yako, na funguo unanipa kwa mkono wako." Tangu siku ile usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande.

Programu yenyewe ilikuwa juu ya utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mashine ya zamani, iliyokuwa bado imewekwa pembeni, ikiyapapasa matundu hayo kwa pini za chuma, na ikiweza kutoboa nakala. Hii mpya ilikuwa na taa upande mmoja na jicho upande wa pili, na kila palipopenya mwanga ikahesabu tundu. (Nikilijua hilo. Nililiandika daftarini kwa wino mwekundu.)

Ijumaa alasiri, utepe nishausahihisha mara tatu, nikafungua mtoto wa meza nilimouhifadhi, nikamwona mdudu wa karatasi, yule mweupe mwembamba, anakimbilia pembeni. Moyo ukanipasuka. Marehemu baba akivilinda vitabu vyake kwa kuvipaka mafuta ya karafuu, nami, kwa wasiwasi tu, nikachukua pamba nikaupaka utepe wangu kutoka ncha hadi ncha, kwa uangalifu mkubwa, nikahisi utulivu ambao sikuujua miezi mitatu. Baba akipaka majalada, hakupaka kurasa; tofauti hiyo, ambayo mwanafunzi wangu angeliisahau ningelimkemea, niliisahau mimi. Na katika ghala ambamo hata chai inanuka karafuu, nani angeliisikia harufu yake?

Jumamosi wakaja Mkurugenzi, wageni wake, na mahamali wote wabebao magunia ya ghala. Nikautia utepe, Bi Salma akawasha. Kengele ikalia, ikalia, haikunyamaza. Mlango wa pipa ukafunguka na gunia halijawekwa, karafuu zikamiminika juu ya viatu vya Mkurugenzi mpaka zikamfika vifundoni.

"Bi Salma, zima!" akapiga kelele Mkurugenzi.

"Nshazima! Mlango umekwama!"

Mahamali wawili wakauziba mlango kwa migongo yao. Macho yote yakanigeukia, nami nikatamka neno ambalo laiti ningelimeza ulimi kabla yake: "Hitilafu iko kwenye nyaya."

Nyaya zilikuwa za Bi Salma. Alinitazama. Mkurugenzi akanyoosha kiganja. "Funguo."

"Nipe ruhusa niutazame utepe kwanza, Ndugu Mkurugenzi," alisema Bi Salma, akauchomoa, akaenda nao dirishani, akauinua juani.

"Maalim," akaniita.

"Naam."

"Nnakiona kidole changu."

Nilisogea. Kidole chake, kilichokuwa nyuma ya karatasi, kilionekana mpaka ukucha. Mafuta yalikuwa yameing'arisha karatasi hata mwanga ukaipenya, na lile jicho la mashine liliona tundu kila mahali. Bi Salma akaunusa utepe, akanigeukia. Angeliweza kusema yeye. Aliningoja mimi.

"Nyaya hazina kosa," nikasema. "Utepe nimeupaka mafuta mimi, nikiogopa wadudu."

Kicheko cha mahamali kilitikisa mabati. "Maalim, ungelitia na chumvi basi!" akapiga kelele mmoja, mwengine akauliza kama ni wa kukaanga au wa kuchoma. Hata Mkurugenzi, anazikung'uta karafuu soksini, alijizuia kwa shida. "Sasa?"

"Ile ya zamani haitumii mwanga," alisema Bi Salma. "Inapapasa. Itausoma huo huo, itutobolee mwengine mkavu. Nusu saa."

Nusu saa ile nilisimama pembeni, kanzu imenigandama mgongoni, nikiisikiliza mashine kongwe ikigonga matundu. Utepe mkavu ukatiwa. Mlango ukafunguka, gunia likajaa, mlango ukajifunga, kengele ikalia mara moja. Mkurugenzi akaurejesha mkono mfukoni bila ya funguo.

Jioni nilimfuata Bi Salma karakanani kumwomba radhi. Alikuwa anafunga kufuli.

"Ya mafuta nshakusamehe, Maalim," alisema. "Ya nyaya bado."

Kunisamehe hilo kulimchukua hadi Ramadhani. Mahamali waniite Maalim Mafuta wapendavyo, jina hilo nimelizoea. Lakini nimejiapia kwamba kabla ya kumnyooshea mtu kidole, nitakiweka kwanza nyuma ya karatasi yangu mwenyewe, nikiinue juani, nitazame.