Nyumba Iliyofukuza Kwarara

Saa tano kamili asubuhi, baba yangu alianguka kutoka juu ya mchikichi. Nina hakika na wakati huo, kwa sababu jirani yetu, mfanyabiashara kutoka Ujiji, alikuwa na saa ya ukutani iliyosikika hadi uani kwetu, na ilikuwa bado inagonga. Mpaka leo nikisikia saa ya namna ile, pua yangu hujaa harufu ya chikichi zinazochemka, na mwili wangu hujikaza kungoja kishindo.

Ulikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, hapa Rumonge kando ya ziwa, nami nilikuwa na miaka tisa au kumi. Mama alifariki kabla sijaanza kutembea. Nililelewa na bibi, mama mzazi wa baba, katika nyumba ya udongo iliyosimama kati ya michikichi na matete ya ziwa. Baba alikuwa mkwezi. Alijifunga kitanzi cha kamba kiunoni pamoja na shina la mti, akapanda hadi kileleni, akakata vichala vya chikichi na kuviangusha chini. Chini walikuwapo wanawake wakiviokota, na kichala kimoja kinaweza kumuua mtu. Kwa hiyo kila mkwezi alikuwa na sauti yake ya kuonya. Mmoja alipiga mluzi, mwingine alitaja jina la mkewe. Baba alilia kama kwarara.

Kwa asiyemjua kwarara, ni ndege mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini na mng'ao wa kijani kwenye bawa. Huchokoa wadudu kwenye majani mafupi kwa utulivu kabisa, lakini akiruka hupiga kelele kama mtu aliyeibiwa: haa, haa-haaa! Baba aliigiza sauti hiyo vizuri mno, hata kwarara wenyewe wakati mwingine walimjibu. Wanawake wakiisikia kutoka juu, walitawanyika bila kuuliza.

Siku ile kitanzi kilikatika. Hakuna sauti iliyotoka kwake. Paja la kushoto lilivunjika, na akaletwa nyumbani juu ya mlango wa matete. Bibi alimwita mzee mmoja wa Kabonga, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Mzee aliunyoosha mguu, akauchua kwa dawa yake, akaufunga kwa vipande vya mianzi, akaagiza mgonjwa alale siku arobaini bila kusumbuliwa.

Bibi alikuwa mtu wa kutimiza maagizo, na akishaanza hakujua kuacha. Dirisha la chumba cha baba liliongezewa mkeka, na juu ya mkeka tambara. Kinu kilihamishiwa mbali. Jogoo alichinjwa, ingawa hakuwa na kosa jingine ila kuwika. Mfereji wa nyuma ya nyumba ulijazwa majivu ili vyura wahame, nao walihama kweli, wakaingia uani kwa Mama Kashindi. Mama huyu, mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, alikuwa akichemsha chikichi pamoja nasi, na hakuwa na desturi ya kunyamaza.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, maana hata yeye alikuwa ameonywa, "vyura umefukuza, jogoo umekula. Na hili ziwa je, utalifunika na kawa?"

"Ningekuwa na kawa ya kutosha, ningelifunika," bibi alijibu. "Na mudomo wako pia."

Walibaki kwarara. Walikuwa watatu, wakilala juu ya mkuyu uliokuwa nyuma ya chumba cha baba, na kila alfajiri waliondoka kwa makelele yao. Bibi alinipa kazi hiyo.

"Mwajuma, zile ndege zisilale hapa tena. Baba yako anatafuta usingizi."

Kupiga debe kulikatazwa, kwa kuwa nako kungekuwa kelele. Nilipewa mwanzi mrefu wenye kipande cha kaniki kuukuu nchani. Kila jioni nilisimama chini ya mkuyu nikiupunga huku na huku, kimya kimya, mpaka mabega yakauma. Ndege walinitazama kwa dharau, kisha wakahamia miti ya mbali. Nilijivuna sana. Niliamini kwamba ninamponya baba yangu.

Lakini baba hakuwa anapona. Mzee wa Kabonga alipokuja kuangalia mguu, alisema mfupa unashika vizuri. Kilichokuwa kikiisha ni mtu mwenyewe. Alilala ameuelekea ukuta. Uji alikunywa vijiko viwili au vitatu, kisha akafunga kinywa. Alipoulizwa jambo hakujibu, si kwa hasira, bali kama mtu ambaye swali halikumfikia. Mashavu yaliingia ndani. Watu waliokuja kumwona walisimama mlangoni, wakanong'ona, wakaondoka wakitembea kwa ncha za vidole. Nilianza kuogopa kuingia chumbani kwake, na niliona haya kwa sababu ya woga huo.

Siku ya ishirini na mbili mvua kubwa ilinyesha tangu alasiri. Kitambaa changu kililowa, kikajisokota kwenye mwanzi, na nilipoupunga hakikupepea hata kidogo. Kwarara watatu walirudi mkuyuni, wakajikunyata. Nilijaribu mara kadhaa, nikashindwa, nikaenda kulala bila kumwambia bibi.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Mama Kashindi alikuwa uani, ameinama juu ya chungu. Nilisikia mabawa, kisha kelele yao ikapasuka juu ya paa: haa, haa-haaa! Nilijua nimeharibu. Niligeuka kumtazama bibi, naye alikuwa tayari amesimama, mkono juu.

Ndipo kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya mkeka na tambara, sauti ya baba ikajibu. Ilikuwa imekauka na kupasuka katikati, lakini ilikuwa ndiyo ile ile ya kwarara.

Mama Kashindi aliruka. "Tokeni! Tokeni, anaangusha!" alipiga kelele, akanivuta mkono, na mwiko ukaangukia motoni. Tulikimbia hatua kumi hivi. Kisha alisimama, akatazama juu ya michikichi iliyokuwa mitupu, akanitazama mimi, akaweka kiganja kinywani.

Bibi alikuwa ameshaingia. Nilimfuata. Baba alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani.

"Iko watatu," alisema. "Ule mudogo anakosea. Anaanza kulia mbele wengine hawajaruka." Akapumua kama mtu aliyebeba mzigo. "Mama, uji iko?"

Bibi alikaa sakafuni pale pale alipokuwa. "Siku ishirini na tatu ninakubembeleza kama mutoto," alisema, huku machozi yakimtoka, "na leo ndege ndiyo zimekukumbusha njaa?"

Alimaliza bakuli zima. Mchana ule mkeka ulitolewa dirishani. Tangu hapo baba alianza kusikiliza, na kusikiliza kukawa kazi yake. Kabla hakujapambazuka alisikia viboko wakirudi majini, akaniambia wamepitia upande gani wa matete. Alijua kama furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, amelia baada ya kukamata samaki au baada ya kukosa, akanituma ufukweni kuhakikisha. Nilikimbia na kurudi na majibu. Siku moja alisema tai amekosa, nami nikamkuta ndege juu ya kisiki, mkia wa samaki ukiwa bado unaning'inia mdomoni. Nilipomweleza baba alicheka kwa mara ya kwanza, akajishika mguu kwa maumivu, akaendelea kucheka.

Vyura nao walirudishwa, kwa maombi ya Mama Kashindi. Siku ya arobaini mzee wa Kabonga alifungua mianzi, akasifu dawa yake ya kuchua, na hakuna aliyembishia. Baba alitembea kwa fimbo, mguu mmoja mfupi kidogo. Hakupanda tena. Alikaa kwenye mitambo ya kukamua mawese, na aliishi miaka mingi.

Kwa muda mrefu niliamini kuna dawa katika sauti ya kwarara. Niliwaambia wenzangu, tukakaa chini ya mkuyu tukisubiri kuponywa mafua. Nilielewa vizuri zaidi nilipokuwa mtu mzima, baada ya kumzika mume wangu. Watu wema walijaa nyumbani kwangu wakiongea chini chini, na kila sauti iliyonifikia ilikuwa imekwisha kulainishwa kwa ajili yangu. Nilijiona nimewekwa mahali pa mbali. Siku ya tano viboko waligombana kwenye matete, wakakoroma na kuguna bila adabu, na nikashusha pumzi. Wao hawakuwa na habari kwamba nimefiwa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Sisi tulimhurumia, na katika huruma yetu alisikia kwamba amekwisha. Kwarara hawakujua kwamba alianguka. Walimpigia kelele kama walivyompigia akiwa kileleni, na yeye akajibu kama mkwezi.

Bibi sikuwahi kumlaumu kwa kimya kile, hasa baada ya jambo aliloniambia miaka ya mwisho wa uhai wake, tukichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alisema siku ya ishirini alikwenda kwa yule jirani wa Ujiji, akachagua kitambaa cheupe cha sanda, akalipa, akamwomba akihifadhi dukani ili mimi nisikione. Siku ya ishirini na tatu, baba alipomaliza uji, bibi alirudi dukani akiwa na mikono mitupu. Jirani alirudisha kitambaa kwenye rafu, akamhesabia fedha yake yote: rupia nne na hela hamsini.