Mjukuu wa Kigego

Watu wa Same wakikuambia Mama Irine ana mdomo, usibishe. Yeye ni mwongoza watalii, na mimi, Hamdani, nimemwendesha miaka sita, na nakuapia kwamba mdomo huo ndio unaojaza gari letu. Nilitoka Handeni nikaja kukata mkonge; mkonge ukanishinda, nikashika usukani. Asubuhi tunawachukua wageni mjini, kwenye vumbi na joto la kukausha mate, tunapanda kona kwa kona hadi Mhezi, ambako hao hao wanaanza kuulizana nani ana sweta la ziada. Wanaona ndiva, mabwawa ya kale ambayo mababu wa Kipare walichimba ili kumwagilia mashamba. Wanapita pembeni mwa msitu. Mwisho tunawafikisha kwenye Jiwe, na jioni wamesharudi Same.

Jiwe lenyewe ni jabali lililo ukingoni mwa bonde. Zamani, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, na kigego alikuwa mkosi kwa ukoo mzima. Alipelekwa pale akasukumwa bondeni. Mama Irine, ambaye kwa ubatizo ni Asteria, hawezi kuisimulia habari hiyo kwa sauti ya mtu asiyehusika. Bibi yake, Priska, alikuwa kigego.

Mama mzazi wa Priska alipoliona jino la juu limechomoza, hakumwambia mtu, hata mumewe. Alimfunga mtoto mgongoni akashuka hadi Kihurio, akapalilia mpunga wa watu miaka miwili. Aliporudi Mhezi, mtoto alikuwa na meno kinywa kizima. Sasa nani atajua lipi lilitangulia? Wazee walimfungua mtoto mdomo, wakachungulia kama wanaonunua mbuzi, wakaenda zao. Mtoto akakua, akaolewa, akazaa.

Basi Mama Irine humaliza kila safari kwa kusema, "Na mimi ni mjukuu wake." Anasema wazi, kwenye kijiji ambacho mpaka leo wapo wanaonong'ona kwamba ukoo ule si wa kuoana nao. Nampenda kwa hilo.

Mwaka huu kampuni ikapata meneja mpya, Fredrick, kijana wa Bombo, Mpare kama Mama Irine. Alikuja na karatasi iliyochapwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukifika kwenye Jiwe, soma haya tu. Watoto walitupwa, basi. Habari ya bibi yako inapoza hadithi. Mgeni anataka kutetemeka."

"Akitaka kutetemeka, mlete Mhezi aoge alfajiri."

Fredrick hakucheka. Alisema siku atakayomtaja tena huyo bibi, hiyo ndiyo itakuwa safari yake ya mwisho. Nilipata hofu. Mama Irine ni mjane, na kazi hii ndiyo iliyomfanya asimame mbele ya watu bila kuinamisha uso. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mama, funika kombe mwanaharamu apite."

Alinigeukia kwa hasira. "Hamdani, kombe hilo lilifunikwa miaka miwili kule Kihurio. Leo nilifunike tena mimi?"

Aibu ilinishika.

Jumamosi tulipanda na walimu kumi na wawili kutoka Dodoma. Fredrick alikaa kiti cha mbele, karibu nami, kuhakikisha. Kwenye Jiwe, Mama Irine alitoa ile karatasi akaisoma vizuri, neno kwa neno, mpaka chini. Meneja akatabasamu. Mama akaikunja, akamrudishia.

"Hayo yameandikwa na kampuni," aliwaambia walimu. "Sasa nisikilizeni mimi. Waliosukumwa hapa walikuwa na mama zao. Na wapo mama waliokataa."

Akaanza habari ya jino. Fredrick akasema muda umekwisha, mama akaendelea. Fredrick akasema, mbele ya wageni, kwamba kuanzia leo hana kazi. Mama akaitikia, "Nimesikia, mwanangu," akaendelea. Ndipo meneja akaja mbio kwenye gari nilimokaa.

"Hamdani, piga honi!"

"Honi ya gari hili ni ya kufukuzia ng'ombe," nilimjibu, nikakunja mikono.

Akapenyeza mkono wake dirishani, akaibonyeza mwenyewe. Ililia muda mrefu, bonde zima likajaa kelele. Walimu waligeuka. Mama Irine alisimama pale pale kwenye ukingo, mikono kiunoni, akamsubiri hadi mkono ukamchoka.



"Walio nyuma hawakusikia," alisema. "Sogeeni karibu, tunaanza upya. Bibi yangu Priska alikuwa kigego."