Nilivyopanda jukwaani katikati ya wimbo wa rock wa binti yangu, Homa Bay

Wakuu, salamu kutoka Migori. Hii ni kweli tupu, na shahidi ni ukumbi mzima, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya sitafika mbali.

Mimi ni mzee wa hamsini na kitu, mwenye digrii mbili na goti moja zima.

Binti yangu Akinyi anapiga gitaa kwenye bendi ya indie rock. Vijana wanne, nyimbo zao wenyewe. Miaka miwili iliyopita aliponiambia ameacha kazi ya ofisi kwa ajili ya hiyo bendi, nilimjibu kwamba huo si muziki, ni transfoma inayotaka kulipuka.

Tangu siku hiyo tukawa tunaongea hali ya hewa tu. Mvua imenyesha? Imenyesha. Sawa, Baba.

Mwezi jana akanitumia ujumbe. Wanacheza Homa Bay Jumamosi, nikipenda nije. Chini akaongeza: "Lakini Baba, tafadhali usijitambulishe."

Nilielewa. Mlango umefunguliwa kidogo, kazi yangu ni kutoubamiza.

Nikampitia rafiki yangu Ouma pale Awendo, fundi wa trekta za miwa, mtu asiyekosa ngoma ya ohangla popote. Njia nzima nilimhubiria. Huko tuendako hakuna pakruok.

(Kwa wasiotoka kwetu: kwenye ngoma zetu muziki ukishushwa, mtu hutoka mbele, hushika maiki, hujisifu yeye na watu wake, kisha bendi inaendelea. Ndiyo hiyo pakruok.)

Ouma akaapa atakaa kama yuko kanisani.

Ukumbi ulijaa vijana. Walitupisha kwa heshima kubwa, na mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwenye jengo.

Kisha wakaanza.

Wakuu, sikuwa tayari. Drums ziliingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Akinyi alifumba macho, vidole vinakimbia, na ndani ya ile niliyoiita transfoma nikasikia gitaa la benga kabisa, lile ambalo marehemu baba yangu alikuwa akilifungulia redio asubuhi na mapema.

Wimbo wa tatu, goti bovu lilikuwa linacheza bila ruhusa yangu. Wimbo wa tano nilikuwa mbele kabisa, na sijui nilifikaje.

Ndipo wimbo ukakatika ghafla. Kimya.

Mtu wa rock anajua bendi inavuta pumzi kabla ya kishindo. Mwili wangu mimi ulijua jambo moja tu: muziki umeshushwa, maiki iko wazi.

Nikapanda. Ouma alinishika shati, likamponyoka.

"An wuon Akinyi," nikasema. Mimi ndiye baba yake Akinyi.

Mpiga drums akabaki na vijiti hewani. Akinyi akanitazama, na ule ujumbe ukanirudia neno kwa neno. Digrii zote mbili zikanitoroka.

Desturi inataka ujisifu. Nilitafuta cha kujisifia, sikukipata.

"Mimi ndiye niliyesema huyu anapiga kelele," nikasema. "Nilikosea."

Akinyi akasogelea maiki yake.

"Umemaliza, Baba?"

"Nimemaliza."

"Basi toa mguu. Umekanyaga pedal yangu."

Nikautoa. Akaikanyaga yeye, na gitaa likalipuka kama transfoma kweli. Ukumbi mzima ukaruka, na Ouma wa kanisani akaruka kuliko wote. Mimi nilishuka nikilia na kucheka, na hadi tunafika Awendo sauti ilikuwa imenikauka.

Funzo nililopata: usimhubirie rafiki yako dhambi ambayo ni yako. Na kama kuna neno la kumwambia mtoto wako, usisubiri hadi ulisemee mbele ya spika.

Jana Akinyi aliniandikia. Mwezi ujao wanacheza Rangwe, na pale kwenye kile kimya wameacha nafasi ya mtu mmoja. "Simama kushoto," ameandika, "mbali na pedal."

Sasa wakuu, hasa nyinyi wazoefu wa pakruok, nipeni maneno. Safari hii nina cha kujisifia.