Ni Vidole Tu

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu akisikia hivyo atanuna hadi Jumapili. Lakini wewe, mwanangu, nitakusimulia, kwa sababu nimekuona ukiwajibu watu kabla hawajamaliza kusema. Tabia hiyo ni yangu. Umeirithi kwangu bila kuombwa.

Nilikuwa kijana, fundi wa magari hapa Nakuru, kwenye gereji ya Kalasinga mmoja, Mhindi mzee wa kilemba, mwenye kikohozi kisichoisha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Nilifanya kazi na Kariuki, aliyenizidi umri kidogo na akili sana. Tulikula sahani moja, na aliponiudhi tulikula sahani moja tumenuniana.

Asubuhi hiyo Kariuki alikuwa chini ya gari la mzungu mmoja wa Molo, akiweka linki mpya za stabilaiza. Stabilaiza, kama hujawahi kulala chini ya gari, ni chuma kirefu kinachotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Kila ncha yake hushikwa na linki, kiungo kifupi chenye raba. Kazi si ngumu, ila ina jambo lake moja. Gari likiwa juu ya jeki magurudumu huning'inia, na raba hukaa vibaya. Ukikaza nati wakati huo, ukilishusha gari raba hujipinda, na hazikai muda kabla ya kupasuka. Kwa hiyo unaziweka nati kwa vidole tu, unashusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo unaingia tena na spana. "Vidole kwanza, spana baadaye," Kariuki alikuwa akisema, mpaka nikachoka kumsikia. Labda nilikuwa nimeacha kumsikia.

Alikuwa amekwisha kurudisha magurudumu, anapangusa mikono ashushe jeki, lori la askari liliposimama mlangoni. Siku hizo Wakikuyu walikuwa wakizolewa sokoni, barabarani, hata milangoni mwa makanisa. Mimi waliangalia karatasi zangu, wakaona nimezaliwa upande wa Bungoma, wakanisukuma kando. Kariuki alipandishwa lori na ovaroli yake, bila koti, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu na manyunyu.

Lori lilipoanza kuondoka alisimama katikati ya wenzake, akapaza sauti juu ya mngurumo wa injini.

"Wafula! Ni vidole tu! Umesikia? Ni vidole tu!"

Niliinua mkono kumwonyesha nimesikia. Akauona, akakaa chini.

Moyo wangu ukatulia. Nilijua waliokamatwa walichukuliwa alama za vidole, na wengine wakaachiliwa siku hiyo hiyo. Nikaona rafiki yangu ananiambia nisihofu. Nikashusha jeki, nikampa ufunguo dereva wa yule mzungu, Kiprono, kijana mpole aliyekuwa akingoja na kikombe cha chai mkononi. Akanishukuru, akaondoka.

Kisha nikakimbia hadi kwa mke wa Kariuki, Wambui. Habari zilikuwa zimemfikia. Nilimkuta mlangoni, koti la mumewe limekunjwa kwapani, anataka kwenda kwenye uwanja walikokusanywa. Wanawake wengine walikuwa wakienda kusimama kwenye seng'enge, na aliyemwona mumewe alimrushia blanketi au chochote alichonacho.

"Kaa nyumbani, shemeji," nikamwambia. "Wanamchukua alama za vidole tu. Jioni atarudi."

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Akalitundika koti ukutani, akabandika githeri, mahindi na maharagwe, ili amkute mumewe na chakula cha moto.

Kariuki hakurudi. Wambui alipofika uwanjani asubuhi iliyofuata alikuta matope yaliyokanyagwa na geti wazi. Walikuwa wamepakiwa kwenye gari la moshi, na hakuna aliyekubali kusema limekwenda wapi.

Asubuhi hiyo hiyo Kalasinga alinituma na wenzangu kwenda kuvuta gari lililoanguka karibu na Sachangwan. Lilikuwa lile la Molo, limelala mtaroni kwenye kona. Kiprono alikuwa amepelekwa hospitali, mguu umevunjika vibaya, na hadi alipozeeka alitembea kwa fimbo. Tulipoliinua niliingia chini. Linki ya upande mmoja ilikuwa imechomoka, bolti haina nati. Nikageukia upande wa pili. Nati ilikuwapo. Niliigusa kwa kidole, ikazunguka.

Mwanangu, nililia mle chini, na wenzangu wakadhani nimeumia.

Nilikwenda kumwambia Wambui siku hiyo hiyo. Nilitarajia mayowe. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Alisemaje? Nipe maneno yake, si yako."

Nikampa.

"Ni vidole tu," akayarudia polepole. "Hapa nyumbani hata mguu wa kitanda ukilegea, anasema ni vidole tu, ngoja nilete spana. Wafula, ungeniletea maneno vile alisema, ningekuambia rudi mbio ufunge hiyo gari. Na mimi ningeenda na koti."

Baada ya muda naye alipandishwa lori na watoto wake, wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Alipanda amelivaa lile koti. Kariuki hakurudi, wala hakuna aliyewahi kutuambia alizikwa wapi, au kama alizikwa.

Gari lilitengenezwa. Kiprono alinisamehe, Mungu amlaze pema. Kinachonikosesha usingizi ni ule mkono niliouinua. Kariuki alikaa chini ametulia kwa sababu aliamini nimesikia.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo, hata kama maana yake huioni, maana anayelipokea huenda anaiona. Ukilisikia likakupendeza haraka, uliza tena. Usimtulize mtu kwa tumaini ambalo hukupewa umpelekee. Ukiiacha kazi katikati, funga kitambaa kwenye usukani kiwe alama, usitegemee sauti yako. Na usiinue mkono kama hujaelewa.

Mungu ailinde mikono yako na kazi zake. Akupe nyumba ambayo koti lako halitakaa ukutani bila mwenyewe. Na siku utakapolazimika kupaza sauti ukiwa mbali, akupe mtu wa kukusikia, asiwe kama mimi.