Hatua Sita za Baba

Harufu ya rangi ya viatu ikichanganyika na ya moshi wa kuni ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi kwetu Dundori. Nilipokuwa na miaka kumi Baba alikuwa akikaribia kustaafu jeshini, na kila alipokuja likizo alizing'arisha buti zake mpaka zikameta, kisha akazivaa kwenda kupalilia viazi. Jioni zilirudi zimejaa matope meusi. Majirani walimwita Sajenti. Sisi binti zake watatu tulimjua kwa mengine: kwamba alitupigia pasi sare za shule kwa pasi ya makaa, na kwamba alijifunza kutusuka nywele kwa sababu Mama aliondoka alfajiri kupeleka maziwa. Mistari yake ilinyooka kama gwaride, na alivuta mpaka machozi yakatutoka.

Hakupenda kuzungumzia vita. Alichopenda ni kupima vitu kwa hatua zake, na kabla ya kutumwa ng'ambo kwa mara ya mwisho alinitembeza shambani akinihesabisha: kutoka mlango wa jikoni hadi mpakani, hatua themanini. Hatukuwa na ua. Kati yetu na Baba mdogo Njuguna, ndugu yake wa tumbo moja, palikuwa na mstari wa matoka tu, yale maua yanayopandwa mpakani, na huko kwetu kila mtu anajua kwamba anayeyang'oa anajitafutia laana. Baba aliliamini jambo hilo kabisa. Ndiyo maana alikwenda mwaka mzima kulinda amani ya watu wengine bila kusimika hata nguzo moja kwake. Lilikuwa kosa lake, na silisemi kwa dharau.

Aliporudi, safari hii akiwa amestaafu, mvua ya masika ilikuwa imeanza. Alitoka jikoni akihesabu, nami nyuma yake, tukayafikia matoka kwenye hatua ya sabini na nne. Akarudi mlangoni akaanza upya. Sabini na nne. Maua yalikuwa yamesimama vizuri, ila udongo chini yake ulikuwa laini, na hakuna hata moja lililokuwa limechanua. Niliona shingo ya Baba ikivimba nikafurahi, nikijua leo Baba mdogo atakiona cha mtema kuni. Badala yake alikwenda kwa Shosho, mama yao, aliyekuwa mgonjwa kitandani, akamweleza. Shosho akamshika mkono. "Wewe ndio walifundisha kuua," akamwambia. "Niapie hutagusa ndugu yako, na hutampeleka kwa chifu." Baba akaapa. Aliyeiba hakuombwa kuapa chochote.

Mimi sikuwa nimeapa. Wiki hiyohiyo nilifungua zizi nikamswaga ng'ombe wetu mpaka ndani ya zile hatua sita, ambako Baba mdogo alikuwa ameshapanda viazi, nikakaa kando nikimtazama anavyokanyaga. Baba hakunichapa. Alinipa jembe akanituma kwenda kuinulia udongo kila shina lililobaki. Baba mdogo alileta kigoda, akaketi na kikombe chake cha chai akinitazama nikiinama kwenye ardhi yetu. "Polepole, Wanjiru," akasema, "usikate mizizi." Nimesahau mengi ya utoto wangu, lakini chai ile naiona mpaka leo ikifuka moshi. Viazi vilipokomaa alituletea gunia moja kama zawadi, na Baba akasema asante. Nilikataa kula. Kila msimu gunia lilikuja, na kila msimu nililala na ugali mtupu.

Baba alikitunza kiapo hata baada ya Shosho kufa, mpaka naye tulipomzika mwaka jana. Kwenye mazishi Baba mdogo, mzee sasa mwenye mkongojo, alichukua maikrofoni akawaambia waombolezaji kwamba yeye na marehemu hawakuwahi kukosana hata siku moja. Watu wakasema amina. Maua ya kaburini hayajakauka, nikaleta mpimaji kutoka Nakuru mjini na ramani yake. Baba mdogo akatukuta tukichimba mashimo ya nguzo.

"Baba yako alinisamehea hii maneno kitambo," akaniambia.

"Yeye alikusamehe, Baba mdogo. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Leo pale pana nguzo za zege na waya wa miiba. Wanangu hawayajui matoka. Wao wanajua nambari ya hati ya shamba, na hakuna atakayewachezea. Waya huo pia umefunga kijia alichozoea Baba mdogo kwenda mtoni, kwa hiyo anazunguka kwa barabara, na mkongojo wake, akipumzika mara mbili njiani. Huwa namtazama kutoka mlango wa jikoni na moyo wangu unapoa, sitawadanganya. Watu wanasema nina roho ngumu, nami sibishi. Najua vizuri ambavyo Baba angefanya: angeukata waya pale kwenye kijia, akaweka kijimlango, na komeo jepesi la kufunguliwa na vidole vya mzee. Koleo la kukatia waya ninalo. Liko juu ya kabati, na litakaa hukohuko.